Upanuzi wa Njia ya Kurukia Ndege Kando ya Ziwa: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Maji ya Mvua

Mkandarasi aliyezoea barabara kuu akipewa kazi ya kurefusha njia ya kurukia ndege huja na dawa yake ya siku zote: chimba bwawa kubwa mwisho wa mteremko, elekeza maji yote huko, yaache yatulie mpaka tope lizame. Kando ya Ziwa Victoria dawa hiyo hugonga mwamba. Chembe ya mchanga laini ya milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya mfinyanzi ya maikroni 2 (milimita 0.002) huhitaji kama siku tatu kuzama mita hiyohiyo, tena kwenye maji yasiyotikiswa na upepo. Na mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, unataka bwawa la mvua lililo karibu na uwanja liwe limekauka ndani ya saa 48 baada ya mvua, kwa sababu maji yaliyotuama huwaita yangeyange, korongo na mwewe mahali ambapo injini za ndege zinapita.

Siku tatu haziingii ndani ya saa 48. Karibu kila uamuzi utakaofanya kwenye kazi hii unazunguka pengo hilo, na ushauri wangu tangu mwanzo ni huu: nguvu nyingi ziende kwenye kuzuia tope lisizaliwe. Bwawa liwe golikipa, lisiwe timu nzima.

Mifano ya hapa chini naiweka Mwanza. Uwanja upo Ilemela, ziwa likiwa pua na mdomo nao. Uko takriban mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 1,135 hivi. Kwa hiyo mteremko wa kupeleka maji nje ni mdogo, na safari ya tope mpaka majini ni fupi. Sato hutengeneza viota vyao kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Tope jembamba likitanda pale, viota hufukiwa. Udongo hubeba pia fosforasi, ambayo ni chakula cha magugu maji. Wavuvi wa mwaloni wataona rangi ya maji kabla mkaguzi yeyote hajafika.

Chupa kabla ya greda

Kabla mtambo wowote haujashushwa, vaa gambuti utembee eneo lote mvua ikiwa inanyesha. Kontua, yaani mistari ya kimo ya kwenye mchoro, hazikuonyeshi kalavati iliyozibwa na takataka wala kijito kilichozaliwa baada ya jirani kujenga ukuta. Piga rangi au chomeka vigingi sehemu tatu: maji yanapoingia, yanapotuama, yanapotokea. Waulize wenye majaruba ya mpunga walio chini yako maji yao hutoka wapi. Mara nyingi wanaijua ramani ya maji kuliko ofisi yako.

Halafu udongo. Wasukuma wana majina ambayo mhandisi mgeni angefanya vyema kuyajifunza wiki ya kwanza. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, kichanga kilichotokana na matale. Kwenye miteremko ya chini kuna itogolo, ardhi iliyokaza isiyopitisha maji. Bondeni kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Luseni ikichukuliwa na maji utaikamata kwa mawe na kitambaa. Mbuga ikishaingia kwenye maji, kuitoa ni gharama.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua chupa za maji tupu, moja kwa kila aina ya udongo utakaouchimba. Tia vijiko vitatu vya udongo, jaza maji, tikisa dakika nzima, weka kivulini. Tazama baada ya dakika tano, baada ya saa moja, na kesho yake. Chupa ambayo kesho yake bado huoni kidole chako upande wa pili inakuambia kwamba eneo hilo halitakiwi kuachwa wazi mvua zikianza. Andika matokeo kwenye mchoro wa eneo. Hiyo ndiyo ramani itakayoamua mpangilio wa kazi.

Vibali navipitia haraka kwa kuwa mradi wa ukubwa huu una mtaalamu wake wa mazingira. Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira hupitia chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kumwaga maji kwenye ziwa au mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapohapo Mwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima mita hizo 60 chini, ziwekee alama, na hakikisha dereva wa kijiko ameziona kwa macho yake. Mchoro wa ofisini haumfikii.

Msimu ndio bosi

Mwanza hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Januari na Februari mvua hupungua lakini usiziite kiangazi. Kiangazi cha kweli ni Juni hadi Septemba, na kazi ya udongo inatakiwa iingie humo. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: mwisho wa masika chimba mitaro ya pembeni na bwawa. Juni anza kung'oa majani na udongo wa juu, ukianza na mbuga, ile chupa yako mbaya kuliko zote. Kabla ya Oktoba, kila kipande cha mbuga kiwe kimeondolewa, kimejazwa kifusi kizuri, kimeshindiliwa na kufunikwa tabaka la changarawe. Luseni inaweza kusubiri.

Mradi ukichelewa kusainiwa, na huchelewa, kishawishi ni kufungua eneo lote kwa mkupuo ili kufidia muda. Kataa. Fungua kipande, kimalize, kifunike, ndipo ufungue kingine. Mkandarasi atalalamika kwamba mitambo inakaa bure. Mpe hesabu inayofuata.

Hesabu za karatasi moja

Tuseme njia inarefushwa mita 500. Eneo la kusawazisha ni mita 75 kila upande wa mstari wa kati, yaani upana wa mita 150. Hiyo ni mita za mraba 75,000, sawa na hekta 7.5.

Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa mvua ya radi ya ziwani si kioja, ikiangukia hekta 7.5 huleta mita za ujazo 3,750. Udongo ulio wazi na kushindiliwa utaachia kama nusu yake itiririke: mita za ujazo 1,875. Kanuni inayotumika Marekani kwa mabwawa ya ujenzi, ya takriban mita za ujazo 250 kwa hekta, inatoa jibu hilohilo. Kwa kina cha mita 1.5 unahitaji bwawa la mita 50 kwa 25, tena lililo tupu kila mvua inapokuja.

Sasa likaushe ndani ya saa 48. Inabidi utoe mita za ujazo 39 kila saa, usiku na mchana. Kwa boza la lita 10,000 hizo ni safari 188.

Gawa eneo mara tatu, ufungue hekta 2.5 tu kwa wakati mmoja. Bwawa linashuka hadi mita za ujazo 625, pampu inatoa 13 kwa saa, boza linapiga safari 63. Hapo ndipo mkandarasi anaposikia. Mafuta ya pampu anayajua bei.

Kwa mtaro, tumia kanuni ya zamani: zidisha kipeo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka, kama 0.5 kwa nusu) kwa ukali wa mvua (milimita kwa saa) kwa eneo (hekta), gawa kwa 360, utapata mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 7.5, kipeo 0.5, mvua ya milimita 80 kwa saa: 0.83. Hayo ni maji ya kung'oa mtaro wa udongo mtupu katika mvua moja. Takwimu za ukali wa mvua ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wastani wa mwaka haukusaidii chochote hapa.

Maji ya jirani yapite pembeni

Hatua hii ni ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo hurukwa mara nyingi. Maji yanayotoka milimani na mitaani juu ya uwanja ni safi kuliko yako. Yakiingia kwenye udongo wako yanakuwa tope lako na mzigo wa bwawa lako. Chimba mtaro wa kukinga upande wa juu, nje ya eneo la kazi, na uyapeleke mahali yalikokuwa yakitokea zamani. Usiyahamishie bonde jingine kwa sababu mteremko ni rahisi. Maji yaliyohamishwa huingia nyumbani kwa mtu, na kesi hiyo itaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na kuishia mbali. Mweleze mwenyekiti kabla ya kuchimba, mwoneshe njia kwa miguu.

Ndani ya mtaro weka vizuizi vya mawe. Matale ya Mwanza yapo, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua vitu vya mbali. Kanuni ya nafasi: mguu wa kizuizi cha juu ulingane kimo na kichwa cha kizuizi cha chini. Mtaro wenye mteremko wa asilimia 2 na vizuizi vya nusu mita unataka kimoja kila mita 25. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni. Ukikijenga sawa juu kote, maji yatazunguka ubavuni na kula ukingo.

Uzio wa kitambaa cha kuzuia tope nauweka mwisho kwa makusudi. Ni wa maji yanayotambaa kwenye uso wa ardhi, na hauwezi kusimama mbele ya mkondo. Zika mguu wake sentimita 15 ardhini na ufuate kontua. Tope likifika theluthi moja ya kimo chake, lichote. Kitambaa kilichoning'inizwa juu ya ardhi ni pambo la kumpokelea mkaguzi.

Bwawa lenyewe

Urefu uwe angalau mara mbili ya upana, na maji yaingie mwisho mmoja yatokee mwisho wa pili. Pakiwa pafupi, tupia kuta za magunia katikati ili maji yazunguke. Jenga njia ya dharura ya kumwagikia, iliyotandikwa mawe, kimo chake kikiwa chini ya kile cha ukingo. Bwawa la udongo likifurika juu ya ukingo wake halimwagi maji ya mvua hiyo tu, linamwaga na tope la miezi yote.

Usichote maji kutoka chini. Pampu ifungwe mdomo unaoelea, uvute maji ya juu ambayo yametulia. Ukivutia chini unarudisha ziwani ulichokaa siku mbili ukikizamisha.

Kwa mfinyanzi usiotulia kuna shabu na kuna jasi. Shabu, ileile ambayo kina mama wa vijijini huzungushia kwenye ndoo, hukusanya chembe ndogo kuwa mabonge yanayozama kwa saa chache. Tatizo lake ni kwamba huongeza uchachu wa maji. Jasi ni mpole zaidi. Jaribu kwanza kwenye chupa tano zenye vipimo tofauti, chagua kipimo kidogo kinachofanya kazi, kisha pima pH ya bwawa kabla ya kutoa maji: viwango vya maji yanayomwagwa nchini vinataka kati ya 6.5 na 8.5, na chembe zilizoelea zisizidi miligramu 100 kwa lita. Kumwaga mfuko mzima kwa kukadiria ni kuhamisha tatizo kutoka tope hadi kemikali.

Maji yaliyotulia yatumie kushindilia tabaka na kuzima vumbi. Ila usilijengee bajeti wazo hilo: baada ya mvua hakuna anayehitaji kumwagilia vumbi, na bwawa hujaa siku hizohizo. Pampu ndiyo tegemeo, boza ni nyongeza.

Jambo la afya. Ukanda wa ziwa una kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Kingo za bwawa zikatwe majani, mafunjo yasiachwe yaote, na kijana anayeingia kusafisha mdomo wa pampu avae gambuti za kufika mapajani. Vyoo vya wafanyakazi viwe vya kutosha na mbali na mtaro. Bwawa linalokauka ndani ya saa 48 halitoi pia nafasi kwa mbu kumaliza kukua, kwa hiyo kanuni ya ndege inakusaidia na malaria.

Kazi inapofanyika ndege zikiendelea kutua

Hapa mafundi wa barabara huwa wageni kabisa. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha 14, vinataka njia ya kurukia iwe na mwinamo wa upande usiopungua asilimia 1 na usiozidi 1.5 kwa njia za ndege kubwa, ili maji yasisimame na magurudumu yasielee. Pembeni, kwenye ukanda wa usalama, mwinamo usizidi asilimia 2.5, isipokuwa mita 3 za kwanza kutoka ukingo wa lami zinaweza kufika asilimia 5 kwenda nje. Zitumie mita hizo tatu. Ndizo zinazoondoa maji haraka penye lami. Kosa la kawaida ni kumaliza majani na udongo juu kuliko ukingo wa lami, hata kwa sentimita mbili. Ukanda unageuka kuwa bwawa refu.

Mtaro ulio wazi ndani ya ukanda huo ndege zikiwa zinatumia njia ni hatari, maana ndege ikitoka nje ya lami gurudumu litaingia humo. Kazi za hapo zifanywe usiku uwanja ukiwa umefungwa, au sehemu hiyo ya njia iwe imefungwa rasmi kwa NOTAM, tangazo linalotolewa kwa marubani. Chimba kipande unachoweza kukifukia kabla ya alfajiri. Mvua ya usiku ikikukuta na shimo wazi, pampu na kifusi viwe viko pale tayari, visiwe ghalani. Mwambie mnara wa kuongozea ndege mapema, usisubiri wakuulize.

Tope lililobebwa na matairi kuvuka lami inayotumika ni suala la usalama wa ndege kabla halijawa la mazingira. Weka kitanda cha mawe makubwa mahali magari yanapotokea eneo la kazi, mita 15 au zaidi, na mtu wa ufagio aliye na redio.

Vifaa vyako vya kuzuia tope vinaweza kugeuka kuwa hatari. Kiroba cha plastiki kilichochakaa, turubai lisilofungwa, kigingi kilichong'oka: upepo wa ziwani huvipeleka moja kwa moja kwenye njia, na injini huvivuta. Tumia magunia ya katani yaliyojazwa kokoto, na matandazo ya katani yaliyopigiliwa, ambayo huoza yenyewe. Usitandaze mabua ya mpunga wala pumba kufunika udongo mtupu. Punje chache zilizobaki zitaleta makundi ya ndege kwa siku moja. Kwa kuotesha, panda ukoka kwa vipande, sio mbegu za mtama au nyasi zinazotoa punje nyingi.

Na chungu za udongo zisirundikwe mahali zinapozuia macho ya mnara au kuchomoza kwenye anga ambayo ndege hupitia zikipanda na kushuka. Zifunike au ziwekee tuta mguuni siku hiyohiyo.

Mdomo wa ziwani

Ziwa si kimo kimoja. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mei 2020 lilipanda mpaka kufikia kiwango cha rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena. Kati ya chini na juu kuna zaidi ya mita mbili. Mbunifu akichukua kimo cha ziwa cha mwaka mkavu, kalavati la mwisho litazama, maji yatarudi nyuma, na uwanja wenye tofauti ya mita 12 tu kutoka ziwani utahisi. Weka sakafu ya kalavati kwa kuhesabu ziwa likiwa kwenye kimo cha juu kabisa kilichorekodiwa. Pasipowezekana, funga mlango wa bawaba unaofunguka kwa nje tu, na uandike jina la anayeusafisha magugu maji kila wiki.

Mbele ya mdomo tandika mawe makubwa ili maji yatoke yakiwa yamechoka. Penye mafunjo au matete, yaache. Huchuja bure.

Saruji, dizeli na lami

Maji yaliyooshea mashine ya zege yana pH inayokaribia 12 na huua samaki. Chimba shimo lenye turubai zito, yakauke humo, vunja mabaki, yabebe. Tangi la dizeli likae ndani ya ukuta unaoweza kushika asilimia 110 ya ujazo wake, na tundu la kutolea mvua humo liwe na kufuli. Lami isimwagwe mawingu yakiwa yameshika ziwani. Hapo basi.

Ukaguzi

Nunua kipimamvua, kisimike eneo la kazi. Kibali cha ujenzi cha Marekani hulazimisha ukaguzi mvua ikifika milimita 6 kwa siku, na sioni sababu ya sisi kuwa walegevu zaidi. Mtu mmoja, mwenye jina, apite kila asubuhi wakati wa vuli na masika: mitaro, vizuizi, uzio, bwawa, mdomo. Apige picha kutoka kigingi kilekile kila mara. Tope la bwawani likifika nusu ya kina, lichotwe, lipelekwe mbali na maji, na lisimwagwe kwenye shamba la mtu kwa kisingizio cha mbolea.

Chukua maji kwenye chupa mbili, moja juu ya eneo lako, nyingine mdomoni, na uziweke sambamba mezani kwa mhandisi mshauri. Wape pia viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko, wa mwalo wa karibu namba ya simu ya ofisi. Wakipiga kusema maji yamebadilika, nenda siku hiyo. Mzee wa mwalo akikuambia "mwanangu, leo maji si yenyewe", mwulize tangu saa ngapi. Saa hiyo itakuonyesha ni kizuizi gani kimepasuka.

Kufunga kazi

Eneo likishawekwa lami, hesabu inabadilika. Hekta 3 za lami na mabega yake kwenye mvua ya milimita 50 huachia mita za ujazo 1,350 kati ya 1,500, wakati majani ya zamani pengine yaliachia 375. Mitaro ya kudumu iwe imekamilika kabla lami haijamwagwa.

Bwawa la muda lisiachwe "litafaa baadaye". Lichotwe, lifukiwe kwa tabaka, lishindiliwe, lioteshwe ukoka. Uzio wa kitambaa ung'olewe pale tu majani yanapokuwa yameshika ardhi. Wakabidhi mafundi wa matengenezo wa uwanja michoro ya hali halisi yenye vimo vya sakafu vya kila kalavati na mtaro, na uwapitishe kwa miguu mpaka ziwani. Fedha ya dhamana ya mkandarasi isiachiliwe kabla masika moja kamili haijapita na chupa za mdomoni hazijapimwa.